Nyumba Iliyosomeka Tupu

"Na kikuku cha bibi harusi nacho ukakitundika humo humo?"

"Uliniletea mwenyewe, Zaina, kwa mkono wako. Ukasema shoga yangu Siwatu, na hiki nacho kiweke, mtoto anapakwa hina mpaka kwenye viwiko."

"Nilisema ukiweke pembeni."

"Pembeni wapi? Msumari wenyewe mmoja."

"Basi ungekivaa ukapanda nacho."

"Nikivae mimi, halafu mapigo yangu haya ya presha yasomeke kuwa ya mwari? Wangemletea daktari kabla ya bwana harusi."

Walikuwa wamesimama kwenye kituo cha ngazi, chini kidogo ya ghorofa ya tatu, kanga zao zimeingia vumbi la saruji, wanagombana kama wanavyogombana watu wanaoogopa kunyamaza. Juu yao mstari mwekundu wa taa ulikuwa umekatiza ngazi, na nyuma ya mstari alisimama Tunu Mbwana, ndani ya gwanda la chuma la Kikosi cha Hima, waokoaji wa mji, lililomfanya awe na umbo la kabati la nguo, hawezi kupiga hatua.

Si kwamba hakutaka. Magoti ya gwanda yalikuwa yamefungwa.

Mlango wa nyumba ya Bi Zaina ulikuwa wazi mbele yake. Aliiona sebule yote: mkeka, sinia za halua, viatu vya wanawake waliokimbia pekupeku, na chetezo kilichokuwa bado kinafuka udi kana kwamba shughuli inaendelea. Kwa ndani zaidi, nusu ya dari ilikuwa imeshuka pamoja na nusu ya tangi la maji la paani, na boriti ya zege ilikuwa imelala mbele ya mlango wa chumba. Nusu nyingine ya tangi ilikuwa bado juu, imening'inia kwenye nondo. Maji yaliyobaki ndani yake yakicheza, jengo zima lilikuwa likitoa mlio kama mlango wa zamani unaofunguliwa taratibu.

Nyuma ya boriti alikuwamo Riziki, bibi harusi mwenyewe, mtoto wa Bi Zaina. Wenzake walipokimbia yeye hakuweza, maana miguu yake ilikuwa imepakwa hina mbichi na kufungwa vitambaa mpaka kwenye vifundo. Alipofanikiwa kusimama, njia ilikuwa imeshazibwa.

"Mama," iliita sauti yake kutoka ndani, ndogo, iliyojaa vumbi. "Mama, mpo?"

Na ndani ya kofia ya Tunu, Mizani ikarudia kwa sauti yake ile ya upole isiyochoka: "Nyumba tupu. Watu sifuri. Kuingia hakuruhusiwi."

*

Jengo Namba Tisa la Makorora, kama majengo yote mapya ya Tanga, lilikuwa likihesabu watu wake. Kila mkazi alivaa kikuku mkononi, kikuku kilisoma mshipa wa damu, fremu ya mlango ilisoma kikuku, na Mizani, iliyokaa haijulikani wapi, ilijua nyumba ipi ina watu wangapi na mapigo yao yanakwendaje. Mtu akianguka bafuni, Hima walibisha hodi kabla hajamaliza kulia. Kwa hilo watu waliishukuru.

Lakini nyumba moja ilipewa watu kumi na wawili tu. Wakizidi, mlango unapiga kelele na mwenye nyumba anakatiwa maji wiki nzima. Sasa nani Makorora hii amewahi kufanya siku ya hina na watu kumi na wawili? Mashangazi peke yao wanazidi. Ndiyo maana Bi Siwatu wa chini, ambaye mlango wake haufungwi na habari hazimpiti, alikuwa amepigilia msumari nyuma ya kabati la vyombo. Penye shughuli, wageni walipita kwake kwanza, wakavua vikuku, wakavitundika, wakapanda juu na mikono mitupu. Mizani ilisoma vyuma visivyo na mshipa, ikadhani watu wanaoga. Jengo zima lilijua. Tunu mwenyewe, mzaliwa wa ghorofa ya pili, alikuwa amepakwa hina yake hivyo hivyo miaka mitatu nyuma, na nyumba ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye dirisha.

"Kaka," alimwambia mwenzake. "Yumo. Unamsikia."

Shekimweri alikuwa amesimama upande wa pili wa mlango, naye magoti yamefungwa. Alikuwa mtu wa Lushoto, mkubwa wake kwa umri na kwa kazi, asiyepandisha sauti.

"Nasikia sauti," alisema.

"Ni ya Riziki. Nimekua naye."

"Mwaka wa mafuriko pia tulisikia sauti. Mama mmoja akalia, mwanangu yumo ndani, watu wote wakalia naye. Wanne wetu wakaingia. Mtoto alikuwa kwa shangazi yake anakula maandazi. Wale wanne tuliwatoa siku ya tatu. Mmoja nilikuwa nimelala naye chumba kimoja tangu mafunzo. Ndiyo maana kelele za watu haziingii kwenye hesabu, Tunu. Wala masikio yetu."

Hakuwa anasema uongo. Kanuni ya Kwanza ya Hima iliandikwa baada ya mazishi yale: roho ya mwokoaji haitupwi kwenye nyumba tupu. Na nyumba tupu ilikuwa ni ile ambayo Mizani imesema ni tupu, basi. Tunu aliiapia kanuni hiyo na mkono kifuani, na siku nyingine zote ilimpa usingizi mzuri.

Angeweza kulivua gwanda. Alilifikiria hilo kabla ya jambo lingine lolote. Lakini mtu mwenye mikono yake mitupu angeifanya nini boriti ile? Angekaa mbele yake akaipapasa, Riziki anamsikia analia, basi.

Chini ya mstari, Bi Zaina alikuwa ameacha kugombana. Alipanda vipandio viwili, akafika kifuani pa gwanda, na mkono wa gwanda ukainuka wenyewe kumzuia. Mikono ilikuwa huru. Kanuni ilihitaji mikono ya kuzuia watu.

"Tunu," alisema Bi Zaina. "Wewe nilikuogesha kwenye beseni moja na huyu."

"Najua, mama."

"Basi una nini?"

Waliobaki kwenye ngazi, wanawake wenye liwa ya urembo nusu usoni na wanaume waliopanda mbio kutoka dukani, walikuwa wakimtazama Tunu. Hawakumtukana. Angependa wamtukane.

"Tuvirushe ndani hivi vikuku," alisema mmoja wao. "Vihesabiwe."

"Bila mshipa ni vyuma tu," alijibu Shekimweri kwa upole. "Vinataka mtu."

Neno hilo lilimkaa Tunu kichwani. Vinataka mtu. Mizani haikuhesabu vyumba, ilihesabu nyumba. Mtu mmoja hai, mwenye kikuku chake, akikaa sebuleni tu, nyumba yote haitakuwa tupu tena na magoti yatafunguka. Lakini hapo hapo gwanda litamnyanyua mtu huyo kwanza, maana ndiye wa karibu, litamtoa nje, na nyumba itarudi kuwa tupu. Isipokuwa mtu huyo akatae.

Kanuni ya Kumi na Tisa. Iliwekwa kwa ajili ya wazee wabishi: mtu mzima mwenye akili zake akikataa kuokolewa, mwokoaji asimburute, akae naye ndani, azungumze naye mpaka akubali. Tunu aliwahi kukaa mchana mzima Pongwe, maji yakiwa kiunoni, akimbembeleza mzee aliyegoma kuwaacha njiwa wake. Magoti ya gwanda yalikuwa huru muda wote huo.

Alilitazama tangi lililoning'inia. Lilikuwa hewani, sawasawa juu ya mkeka. Yeyote atakayekaa pale atakaa chini yake, na atakuwa amekaa kwa sababu Tunu Mbwana amemwomba. Roho moja ilikuwa hatarini. Akifungua kinywa zitakuwa mbili, na ya pili itakuwa mkononi mwake yeye, si mwa tangi wala mwa Mizani.

Nusu ya tangi ikalia. Vumbi likamwagika kama unga.

"Bi Siwatu," alisema. "Kikuku chako unacho?"

*

Bi Siwatu alikuwa nacho. Alikuwa amevitungua vyote kutoka msumarini, amevibeba ndani ya upindo wa kanga kama mtu anayetoka kununua dagaa. Tunu alimweleza kwa maneno machache, kwa sauti ambayo kila mtu kwenye ngazi aliisikia, maana hakutaka iwe siri.

"Na lile likishuka," alimalizia, "litashukia pale utakapokaa. Sikufichi."

"Usiniambie sana, nitaogopa halafu nitakataa. Nikae wapi?"

"Mimi ndiye mama yake," alisema Bi Zaina. "Naingia mimi."

"Hapana, mama. Wewe hutakaa. Utaikimbilia boriti, utaivuta kwa kucha. Namtaka mtu akikaa amekaa."

Hata katika hali ile kuna aliyecheka ngazini. Bi Siwatu akikaa kwenye kibaraza cha mtu, mwenye kibaraza hupika akizunguka alipo.

"Tunu." Ilikuwa sauti ya Shekimweri, chini kabisa. "Kazi yako sasa hivi ni kumzuia huyu mama."

"Najua kazi yangu, kaka."

Kisha akaushusha mkono.

Ndilo jambo lenyewe alilolifanya, na baadaye watu walipolisimulia waliliongezea ngurumo na moshi. Aliushusha mkono wa chuma, taratibu, na mwanamke mzito mwenye kanga iliyofifia akapita chini yake, akiinua upindo ili asijikwae. Shekimweri naye alikuwa na mikono miwili iliyo huru. Aliinua mmoja nusu.

"Bi mkubwa," alimuuliza, "unajua unalolifanya?"

"Mwanangu, katika jengo hili hakuna linalofanyika nisilolijua. Nipishe."

Mkono ule ukabaki pale pale hewani, na Bi Siwatu akapita.

Aliketi katikati ya mkeka, akanyoosha miguu, akavaa kikuku. Mizani ikasema, "Nyumba ina mtu mmoja. Ingieni," na Tunu akasikia magoti yake yakiachia kwa mlio mdogo ambao hakuwahi kuupenda kama alivyoupenda siku ile.

"Nimekuja kukutoa, Bi Siwatu."

"Sitaki."

"Sema nakataa kuokolewa."

"Nakataa kuokolewa. Na sitaki kuharakishwa."

"Amekataa," ilisema Mizani. "Kaa naye. Zungumza naye. Akinyamaza, hesabu kuwa amezimia, mtoe kwa nguvu."

"Bi Siwatu, usinyamaze," alisema Tunu, tayari amefika kwenye boriti. "Ukinyamaza tu tumekwisha."

"Ninyamaze? Mimi?" Bi Siwatu akavuta pumzi, akalitazama tangi mara moja, hakulitazama tena. "Riziki, mwanangu, unanisikia?"

"Nakusikia, bibi."

"Basi nikupe ya mumeo mtarajiwa, maana mama yako alinikataza. Siku ile walipokuja kuposa, msemaji wao, yule baba mkubwa mwenye kofia ya kito, si alilisahau jina lako? Kaanza vizuri, kamsifu babu yako, kasifu na kahawa, kufika kwenye jina, kimya. Akasema tumekuja kumposa Rukia. Na kwenu Rukia ni nani? Ni mbuzi wa mama yako."

Nyuma ya boriti kulisikika kikohozi, au kicheko, au vyote viwili. Tunu aliingiza mikono ya gwanda chini ya zege, akanyanyua. Ilipanda kidole kimoja, ikagoma. Ilikuwa mzigo wa magwanda mawili.

Aligeuza kichwa. Shekimweri alikuwa bado mlangoni. Magoti yake yalikuwa yamefunguka kama ya Tunu, na alikuwa amesimama nayo.

"Kaka," alisema Tunu. "Nyumba ina mtu."

"Imefanywa iwe na mtu."

"Ndiyo. Tumeifanya. Sasa yumo."

Bi Siwatu alikuwa ameshafika kwa shangazi wa bwana harusi na meno yake ya bandia. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na kila ilipotetemeka alitia neno jingine juu yake, kama mtu anayeongeza kuni. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye nywele. Shekimweri alimtazama mwanamke huyo kwa muda ambao Tunu aliuona mrefu kuliko mafunzo yake yote ya Hima. Kisha akaingia, akapitia ukutani ili asitikise sakafu, akachuchumaa upande wa pili wa boriti.

"Nikisema nyanyua," alisema, "nyanyua pole."

Boriti ikapanda. Riziki alitoka kwa magoti, uso wa liwa na saruji, mikono ameinua juu mbali na mwili, kama mtu aliyekamatwa na polisi. Alikuwa anailinda hina. Mpaka Tunu anambeba, mpaka anamvusha kwenye mkeka, mikono ile haikushuka.

"Bi Siwatu," alisema Tunu. "Sasa ukubali."

"Sasa nakubali. Lakini miguu imekufa ganzi."

Shekimweri akamnyanyua. Mizani ikasema, "Nyumba tupu," na safari hii ilikuwa kweli. Walikuwa kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza, watu wote mbele yao wanashuka wameshikana mabega, tangi liliposhuka. Jengo liliruka. Juu kabisa walisikia maji yakimwagika sebuleni kwa Bi Zaina, mengi, kwa muda mrefu. Bi Siwatu, mikononi mwa Shekimweri, alifumba macho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na la kusema.

*

Harusi haikuahirishwa. Nani aahirishe, na nyama imeshakatwa? Nikaha ilifungwa kesho yake uwanjani nyuma ya jengo, chini ya maturubai, na wanawake walijaa nyumbani kwa Bi Siwatu mpaka nje kwenye korido, kila mmoja na kikuku chake mkononi. Mlango wake ulipiga kelele tangu asubuhi. Waliuacha upige. Mpigaji dufu mmoja alisema unakwenda na mdundo.

Hima walikuwa wamelichukua gwanda la Tunu, mpaka shauri lake lisikilizwe. Walimuuliza kama anajua kwamba angemuua mama wa watu. Alisema anajua, na kwamba usiku aliliona tangi likishuka mara nyingi, na kila liliposhuka Bi Siwatu alikuwa bado amekaa. Walimuuliza kama anajuta. Alifikiri vizuri kabla ya kujibu, maana hakutaka kujibu kwa kiburi. Alisema hapana.

Asubuhi hiyo pia alikuja ofisa wa hesabu za makazi. Akasimama uwanjani kati ya masufuria, akauliza ni akina nani waliotundika vikuku. Bi Siwatu akanyoosha mkono. Bi Zaina akanyoosha. Kisha wapishi, na miiko yao. Kisha Riziki kutoka dirishani, kiganja chekundu kama embe bivu, hina imeshika ajabu. Kisha jengo zima, ghorofa kwa ghorofa, hata Mbaruku fundi redio, ambaye siku ya tukio alikuwa Korogwe na kila mtu alijua hivyo. Ofisa alitazama mikono ile, akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Tunu alikuwa akigawa sahani za pilau alipomwona Shekimweri kwenye njia ya kuingilia. Hakuwa na gwanda. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, na bila chuma alionekana mtu mwembamba tu, mwenye mvi mbili tatu. Alisimama mbali kidogo na kelele.

Tunu akamfuata.

"Nimetoa taarifa yangu," alisema Shekimweri. "Nimeona ni haki uisikie kwangu."

"Ulisema nini?"

"Yote. Kwamba uliushusha mkono. Kwamba mama yule aliingia kwa kuombwa na wewe. Sikupunguza."

"Sikutarajia upunguze, kaka."

"Halafu nikasema sauti niliisikia tangu tulipofika. Nikasema nilijua ni ya mtu, nikangoja mashine iniambie nimesikia." Alitazama viatu vyake. "Wameniambia nami niliache gwanda."

Dufu lilikuwa limeshika kasi. Mlango wa Bi Siwatu ulikuwa unalia kwa nguvu zake zote, na katikati ya kelele hizo Tunu aliisikia sauti ya mwenye nyumba ikiwasimulia wageni wa bwana harusi jinsi alivyoketi chini ya tangi, na sasa yalikuwa matangi mawili.

"Kanuni si mbaya, Tunu," alisema Shekimweri. "Ingekuwapo siku ile, wale wanne wangekuwa hai."

"Wangekuwa hai," Tunu alikubali. "Na Riziki angekuwa amekufa. Ndiyo ninayolala nayo. Lakini nalala."

Shekimweri akatikisa kichwa polepole, si kwa kukataa. Akageuka kama mtu aliyemaliza alilokuja nalo.

Bi Zaina alikuwa amewaona. Alikuja kwa kanga mpya, mwiko mkononi, akapita katikati ya watu waliompisha. Alisimama mbele ya mgeni, akamtazama kuanzia mvi mpaka kwenye viatu. Kwenye maturubai mazungumzo yalipungua. Kila mtu pale alimjua ni nani, na kila mtu alikumbuka siku iliyopita alisimama muda gani kabla ya kuingia.

"Shikamoo, mama," alisema Shekimweri.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeshika ule upande wa pili?"

"Ndiye mimi. Nilichelewa kuushika."

"Niliona." Bi Zaina akauhamishia mwiko mkono wa kushoto. "Umekula?"

"Mimi nilipita tu, mama, nisiwasumbue, na humo ndani mmeshazidi."

"Sikukuuliza tuko wangapi," alisema Bi Zaina, akamshika kiwiko. "Ingia ule."